Niliandika Nne

Nianze na kosa langu, halafu twende kwenye historia.

Mwaka 2003 nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya msingi wilayani Muleba, upande wa Kishanda. Shule sitaitaja. Ilikuwa miaka ya MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002 baada ya serikali kufuta ada. Watoto walimiminika kama senene wa Novemba. Darasa langu lilikuwa na watoto tisini na kitu, madawati kumi na manane, na chaki za kuombaomba. Asubuhi moja ya mvua, mvulana mmoja akachelewa kwa mara ya tatu wiki ile. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa mwalimu wa zamu, fimbo ilikuwa mezani, na mbele yangu kulikuwa na macho tisini yakisubiri kuona nitafanya nini. Nikamchapa viboko tisa. Idadi naikumbuka kwa sababu wenzake walihesabu kwa pamoja, kwa sauti ile ile waliyozoea kuhesabia punje za maharage kwenye somo la hisabati.

Kisha nikafungua daftari la adhabu. Jina la mwanafunzi, kosa, tarehe, idadi ya viboko, jina la mwalimu. Kwenye safu ya viboko nikaandika: 4.

Kwa nini nne? Kwa sababu sheria ilisema nne. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002, zilizochukua nafasi ya zile za 1979, zinasema adhabu itolewe na mwalimu mkuu, au na mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi; itumike fimbo nyepesi; apigwe mkononi au makalioni juu ya nguo; msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo; viboko visizidi vinne kwa mara moja; na kila adhabu iandikwe. Sisi walimu tuliijua ile nne kama tunavyojua bei ya sukari. Ndiyo maana tuliiandika. Mtu akiyafungua madaftari yale leo, kama mchwa hawajayamaliza, atakuta nne, tatu, mbili, nne, nne. Ataandika kwenye utafiti wake kwamba shule hii ilifuata kanuni. Atakuwa amesoma sawasawa, na atakuwa amedanganywa na mimi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuzitilia shaka karatasi. Lakini kuna jambo jingine nililotilia shaka baadaye zaidi, nalo ni lile jibu tulilokuwa tunapeana ofisini kila mtu alipouliza kwa nini tunachapa. Tulisema: ndio utamaduni wetu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi si Wazungu bwana, mtoto wa Kiafrika bila fimbo haendi. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti kubwa. Sikujua kwamba katika jambo hili nilikuwa nawanukuu Wazungu.

Hebu tuifuate fimbo nyuma, kama mtu anavyofuata gunia la kahawa kutoka ghalani mpaka kwenye mti.

Mwaka 1860, katika mji wa Eastbourne, kusini mwa Uingereza, mwalimu mmoja aitwaye Thomas Hopley alikuwa na shule yake binafsi. Alipewa mvulana wa miaka kumi na mitano, Reginald Cancellor, mtoto mzito wa kuelewa. Mwalimu akaona ni ukaidi. Akamwandikia baba wa mtoto kuomba ruhusa ya kumpa adhabu kali, na baba akakubali. Usiku mmoja wa Aprili akampiga kwa fimbo na kamba muda mrefu sana. Asubuhi mtoto akakutwa amekufa kitandani, amefunikwa vizuri, mikono imevikwa glavu na miguu soksi ndefu ili majeraha yasionekane.

Hopley alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka minne. Lakini kilichoishi kuliko Hopley ni maneno ya Jaji Mkuu Cockburn aliyesikiliza kesi ile. Kwa ufupi alisema hivi: kwa sheria ya Uingereza, mzazi au mwalimu ana haki ya kumpiga mtoto ili kumrekebisha, ila kipigo kiwe cha wastani na cha kadiri inayofaa. Kikizidi hapo, ni kosa. Mtoto alikufa kwa kipigo, na kutoka kwenye kifo chake ikatoka kanuni iliyoruhusu kipigo. Mawakili wa Kiingereza waliitumia zaidi ya miaka mia moja.

Sasa Eastbourne na Kishanda wapi na wapi? Jibu ni tarehe: 22 Julai 1920. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika, iliagizwa kwamba mahakama za huku zitumie sheria zisizoandikwa za Uingereza, yaani zile zinazotokana na hukumu za majaji, kama zilivyokuwa siku hiyo. Tarehe hiyo bado imo kwenye sheria zetu. Wanafunzi wa sheria pale Mlimani wanaikariri mpaka leo. Kwa hiyo maneno ya Cockburn yalishuka bandarini pamoja na wigi na majoho, hayakuhitaji hata tafsiri.

Na wala hayakukuta nchi isiyojua kiboko. Wajerumani walikuwa wametangulia. Emin Pasha alijenga kituo cha Bukoba mwaka 1890, na katika utawala wao mtu mzima, baba mwenye watoto, aliweza kulazwa chini mbele ya kijiji na kuchapwa viboko ishirini na vitano. Wazee wa pwani na bara waliiita hamsa ishirini, na jina limebaki hata kwa watu wasiojua lilikotoka. Fikiria mtoto aliyesimama pembeni siku ile akimwona baba yake. Alijifunza nini kuhusu serikali? Alijifunza nini kuhusu ukubwa? Nadhani alijifunza kwamba mkubwa ni yule anayechapa bila kuchapwa. Miaka ikapita, akawa karani au mwalimu, naye akashika fimbo.

Tulipopata uhuru bendera ilibadilika, safu ya viboko kwenye daftari haikubadilika. Mwaka 2009 Bunge likatunga Sheria ya Mtoto, sheria nzuri kwa mengi, inayosema mtoto ni mtu wa chini ya miaka kumi na nane na kukataza mateso na ukatili dhidi yake. Soma kifungu cha 13. Kinakataza adhabu ya kikatili, halafu kinaeleza kwamba kumrekebisha mtoto hakukubaliki iwapo kumepita kadiri kulingana na umri wake na hali ya mwili na akili yake. Maana yake, kukiwa na kadiri, kunakubalika. Fungua sasa Sheria ya Watoto ya Ghana ya mwaka 1998, kifungu cha 13 vilevile. Maneno yanafanana karibu neno kwa neno. Accra na Dodoma ni mbali, makabila mengine, vyakula vingine, ngoma nyingine. Kinachotuunganisha katika vifungu hivi ni kwamba wote tulitawaliwa na Mwingereza. Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anasema fimbo ni utamaduni wetu, namuuliza: utamaduni wa nani, na ulikuja na meli gani?

Msomaji wa Kagera atanikatiza hapa. Atasema, wewe mwana wa Kishanda, unataka kutuambia babu zetu hawakuchapa watoto? Walichapa. Sikatai. Lakini kulikuwa na kitu kingine pembeni ya fimbo, na hicho ndicho ninachokililia.

Nilipokuwa na miaka minane niliacha mbuzi wakaingia kwenye kibanja cha jirani, wakala migomba michanga. Baba akachukua fimbo. Nikakimbia. Kwetu, mtoto hakimbii ovyo, anakimbilia mahali. Nilipita katikati ya migomba hadi nyumba ya bibi, mzaa baba, iliyokuwa kwenye kibanja hicho hicho. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi. Nikapita chini ya mkono wake, nikaingia ndani. Baba akafika anahema. Bibi hakuinua hata macho. Akasema, "Waitu, mtoto kafika." Basi. Baba akasimama pale nje na fimbo yake kama mtu aliyefika benki ikiwa imefungwa.

Sisemi Wahaya wote walikuwa na desturi hiyo. Nasema kwenye ukoo wetu, mtoto akishavuka mlango wa bibi haguswi mpaka kesi isikilizwe, na aliyethubutu kumgusa alitoa rubisi kwa wazee. Jioni ile kesi ilisikilizwa. Jirani aliulizwa. Nami niliulizwa, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: watu wazima wanne walinyamaza wakanisubiri nieleze. Adhabu ilikuwa kumfanyia jirani kazi siku tatu, kupalilia na kubeba nyasi za kutandaza shambani. Ilikuwa ngumu. Lakini tangu siku ile nilijua kwamba hasira ya mkubwa ina mpaka, na mpaka huo una mtu anayeulinda, amekaa mlangoni, ana kisu cha kumenyea ndizi.

Mila za Kihaya ziliandikwa pia. Mwaka 1945 Hans Cory na mwenzake Hartnoll walitoa kitabu cha sheria za kimila za Wahaya, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikatangaza sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, zikawa vifungu vyenye namba. Humo kuna mahari, urithi, talaka, ardhi, na swali la mtoto ni wa nani. Jibu la tangazo lile la 1963 ni kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa baba. Lakini mlango wa bibi yangu sijauona humo. Anayeandika mila huandika kile ambacho mahakama itakigombania: mali, na mtoto akiwa sehemu ya hesabu ya mali. Huruma haina wakili, kwa hiyo haikuandikwa. Hivyo tukarithi vitabu viwili, cha kigeni kinachoruhusu kuchapa, na cha kwetu kinachosema mtoto ni wa nani. Kile cha tatu, cha nani amkinge, kilibaki vichwani mwa wazee.

Na nisiupake utamaduni sukari. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, katika ziwa Bunyonyi kuna kisiwa kidogo kiitwacho Akampene. Wakiga walimpeleka huko msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa, wakamwacha bila chakula afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea, isipokuwa apatikane mwanamume asiye na mahari wa kumchukua. Wengi wao, kwa hesabu za leo, walikuwa watoto. Hakuna Mzungu aliyeleta hilo. Tena sisi tusiwacheke Wakiga, kwa sababu mpaka Novemba 2021 msichana wa shule aliyepata mimba huku kwetu alifukuzwa, na mlango wa shule ya kawaida ukafungwa nyuma yake. Kisiwa chetu hakikuwa na maji tu.

Utamaduni hubadilika, na Kagera tunajua. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika kesi ya Bernardo Ephraim na Holaria Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi, kama mwanamume. Watu walisema ukoo umekufa. Ukoo upo, na migomba inazaa.

Kilichovunja mlango wa bibi kwa kweli hakikuwa mahakama. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka kumi baadaye kulikuwa na vibanja vyenye makaburi mapya mengi kuliko migomba mipya. Baba na mama wanaondoka, bibi anabaki na wajukuu watano, sita. Bibi yule aliyekuwa hakimu sasa ni mlezi, mlimaji, muuguzi na mgonjwa. Mtoto akimkimbilia, anakuta naye anahitaji wa kumkimbilia.

Mvulana wangu wa viboko tisa alitoka nyumba kama hiyo. Sikujua. Sikuuliza.

Wakati huo huo wenye kanuni walikuwa wanaitua. Uingereza iliondoa viboko katika shule za serikali mwaka 1987, na katika shule za binafsi za England mwaka 1998. Sweden ilikuwa imekwenda mbali zaidi. Mwaka 1979, mwaka ule ule ambao sisi tulitunga kanuni za kuchapa, wao walikataza hata mzazi kumpiga mtoto nyumbani, na habari ya sheria ile wakaichapisha kwenye paketi za maziwa ili iwe mezani kila asubuhi. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, na katiba yake ya 2010 ikatia muhuri. Uganda ikafuata kwa sheria ya 2016. Ukipanda basi Bukoba asubuhi, ukavuka Mutukula kabla ya chakula cha mchana, mwalimu aliyekuwa na haki ya viboko vinne hana haki hata ya kimoja. Watoto wa pande zote mbili za mpaka wanakula matoke yale yale na kusalimiwa kwa lugha zinazokaribiana. Utamaduni haukubadilika pale kizuizini. Kilichobadilika ni karatasi.

Lakini najua kitu kuhusu karatasi. Walimu wa Kenya na Uganda bado wanachapa. Magazeti yao yanaandika kila mwaka. Kama mimi niliyeruhusiwa nne nilipiga tisa na kuandika nne, aliyeruhusiwa sifuri anaweza kupiga nne na asiandike kabisa. Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, ukatolewa 2011. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema waliwahi kupigwa ngumi, mateke au viboko kabla ya miaka kumi na nane. Zaidi ya nusu walimtaja mwalimu. Takwimu hizo haziwezi kutoka kwenye madaftari yetu ya nne, tatu, mbili. Zilitoka kwa watoto wenyewe, walipoulizwa na kusubiriwa wajibu. Kama ile jioni kwa bibi.

Agosti 2018, nikiwa nimeshaacha kufundisha, ikaja habari kutoka Bukoba mjini. Mwanafunzi wa darasa la tano ametuhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, amepigwa shuleni, amekufa. Nchi nzima ililia, na kesi ikaenda Mahakama Kuu kama kesi ya mauaji. Watu vijiweni walisema yule mwalimu ni mnyama. Mimi nilikaa kimya. Nilijua kati ya tisa zangu na kifo kuna umbali, lakini ni umbali wa bahati. Mtoto wangu hakuwa na moyo mbovu wala figo mbovu. Fimbo yangu haikumpata kichwani. Hopley naye, nadhani, alipoanza usiku ule hakujua atamaliza wapi. Ndio ubovu wa neno "kadiri": anayepima ndiye mwenye hasira, na anapima akiwa amekasirika.

Kwa hiyo ninaunga mkono nne iwe sifuri, iandikwe wazi. Ila sifuri bila mlango ni tarakimu nyingine ya kudanganyia. Sheria ya Mtoto ina kifungu cha 95, kinachomtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake azifikishe kwa serikali ya mtaa. Kuna simu namba 116 ya bure. Kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa kwenye vijiji na kata chini ya mpango wa MTAKUWWA. Hiyo yote ni milango. Swali ninalowauliza wenyeviti wa vitongoji kila ninapokwenda nyumbani ni moja tu: nani amekaa mlangoni? Mtoto wa hapa akikimbia leo saa kumi, anakimbilia kwa nani, kwa jina?

Namalizia na yule mvulana. Hakuja shule tena wiki ile, wala iliyofuata. Wiki ya tatu nikaenda kwao. Nilimkuta anapepea moto. Akasema, "Shikamoo mwalimu," akaniletea kigoda, akasimama pembeni mikono nyuma kama yuko mstarini. Bibi yake alikuwa amelala kwenye mkeka ndani, miguu imevimba. Ndiye aliyekuwa akimchelewesha: kila asubuhi alimchotea maji, akampikia uji, akamgeuza upande.

Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo mengi kuhusu nidhamu. Bibi akaniwahi. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Mwalimu, waitu, kumbe njia ya kwetu unaijua."

Mvulana alirudi shule mwezi uliofuata, baada ya majirani kugawana zamu za asubuhi. Alimaliza la saba. Sijui kama anakumbuka idadi. Daftari lile silioni tena, na hata ningeliona nisingeruhusiwa kulifuta. Basi nasahihisha hapa, kwenye karatasi ambayo hakuna mkaguzi anayeikagua. Kosa: alimhudumia bibi yake. Mwalimu: mimi. Viboko: tisa.